Nani Aligharamia Ukuaji wa Supamaketi za Kenya?

Mnamo Januari 2020, wadai wa supamaketi ya Nakumatt walipiga kura kuifilisi kampuni ambayo miaka michache tu kabla ya hapo ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Matawi sita yaliyosalia yalinunuliwa na mshindani wake, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Madeni yaliyoachwa nyuma yalizidi shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ya madeni hayo ilikuwa ya wasambazaji wa bidhaa: watengenezaji wa mikate, wakulima wa mboga, viwanda vya sabuni, waagizaji wa vyombo, watu waliokuwa wamepeleka mali yao dukani na kurudi na karatasi yenye mhuri.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu anguko hilo ni kwamba biashara za familia hazijui kukua. Mzee anaanzisha duka, watoto wanarithi, ndugu wanagombana, na siku moja madalali wanafika mlangoni. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu yana sura ya hadithi, tena yanawafaa washauri wanaouza mafunzo ya utawala bora wa kampuni. Si ya uongo, lakini hayatoshi. Ukiziweka pamoja Nakumatt, Uchumi, Tuskys na Naivas, ukaongeza na zile zilizotoka nje kama Shoprite na Choppies, utaona kwamba aina ya mmiliki haikuamua nani aanguke na nani asimame. Kilichoamua kwa kiasi kikubwa zaidi ni jambo la kihasibu lisilo na mvuto wowote wa kusimulia: kila tawi jipya lilipofunguliwa, pesa ya kulifungulia ilikuwa ya nani, na ilitakiwa irudi kwa mwenyewe lini.

Biashara ya supamaketi ina sifa moja inayoifanya ivutie na iwe ya hatari kwa wakati mmoja. Mteja hulipa papo hapo, ilhali msambazaji hulipwa baada ya siku 30, 60 au 90 kulingana na makubaliano. Mkate ulioletwa alfajiri huwa umekwisha kununuliwa kabla ya jioni, na pesa yake hukaa na mwenye duka kwa wiki kadhaa kabla aliyeuoka hajaiona. Tawi linalonunua bidhaa za shilingi milioni 25 kila mwezi na kulipa baada ya siku 60 huwa na milioni 50 za wasambazaji mikononi mwake wakati wowote utakaolikagua; sehemu yake imo rafuni kwa sura ya bidhaa, na iliyobaki imo benki kwa sura ya pesa taslimu. Malipo ya simu yameufanya upande mmoja wa biashara hii uwe mwepesi ajabu, kwa kuwa pesa ya mteja hufika katika akaunti ya duka kwa sekunde chache. Upande wa pili, ule wa msambazaji, umebaki na mwendo ule ule wa ankara, idara ya hesabu, na simu isiyopokelewa.

Mkopo wa bidhaa wenyewe si jambo geni kwetu. Huko Kariakoo mfanyabiashara huchukua mzigo kwa mali kauli na kulipa akishauza, na mpango huo umewatoa wengi. Lakini aliyetoa mzigo Kariakoo anamjua aliyeuchukua, anajua duka lake lilipo, na akiona limefungwa siku mbili huanza kuuliza. Anayeiuzia supamaketi yenye matawi 60 hana macho ya namna hiyo. Anachoona ni hati ya oda, foleni ya magari ya mizigo uani, na matangazo makubwa barabarani yanayoonyesha kwamba mambo ni mazuri.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, tuchukulie mtengenezaji wa sharubati mjini Thika anayepeleka mzigo wa shilingi milioni moja kila mwezi kwa supamaketi moja. Ankara yake ya mwezi Machi inasomeka 1,160,000, kwa kuwa kuna asilimia 16 ya kodi ya VAT juu yake. Matunda ameyanunua kwa pesa taslimu, kwa sababu mkulima wa maembe hana idara ya hesabu ya kumwambia asubiri. Chupa, vibandiko, umeme, dizeli na mishahara vyote vimelipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ifikapo tarehe 20 Aprili anatakiwa awasilishe VAT ya mauzo ya Machi kwa Mamlaka ya Mapato, kwa sababu kodi hiyo huhesabiwa kwa ankara iliyotolewa, hata kama haijalipwa. Akiondoa kodi aliyoilipa kwenye manunuzi yake, bado kuna kiasi anachopaswa kukitoa mfukoni kwa ajili ya pesa ambayo hajaiona. Supamaketi ilimwahidi siku 60, yaani mwishoni mwa Mei kwa mzigo wa mwishoni mwa Machi. Ikimlipa Agosti, kufikia hapo atakuwa ameshapeleka mizigo mingine minne, maana akisimamisha kupeleka, atapoteza nafasi yake rafuni na pengine ile ankara ya kwanza itawekwa chini kabisa ya rundo. Ana zaidi ya shilingi milioni tano nje, na ndani ya kiwanda hana pesa ya kununulia maembe.

Mtu huyu amekuwa benki ya supamaketi. Tofauti ni kwamba benki hulipwa riba, hushika dhamana na huomba kuona hesabu zilizokaguliwa. Yeye hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sasa turudi Nakumatt, ambayo historia yake inafaa kuangaliwa kwa utaratibu. Ilianzia Nakuru kama duka la magodoro, na jina lake limetokana na asili hiyo. Tuskys nayo, iliyoanzia Rongai karibu na Nakuru, ilisajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses. Inaelekea godoro lina baraka fulani katika Bonde la Ufa ambayo wachumi hawajaichunguza. Kuanzia mwaka 2008 Nakumatt ilivuka mipaka: ikaingia Kigali, kisha Kampala, kisha Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania. Nyumbani ilikuwa ikiwania nafasi ya mpangaji mkuu katika kila jengo jipya la biashara, na Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa ikijenga majengo hayo kwa kasi kubwa. Kukosa nafasi kulimaanisha mshindani aipate, kwa hiyo tawi lilifunguliwa hata pale ambapo hesabu ya wateja haikulihalalisha.

Tawi kubwa hugharimu pesa nyingi kabla halijauza hata pakiti moja ya unga: majokofu, rafu, mashine za keshia, amana ya kodi ya jengo, na shehena ya kwanza ya bidhaa. Vifaa hivyo hurudisha gharama yake kwa miaka mingi. Vinapaswa kununuliwa kwa mtaji wa wenye hisa au kwa mkopo wa muda mrefu. Nakumatt ilitegemea mikopo ya benki, hati za deni za muda mfupi zisizo na dhamana, na zaidi ya yote, muda wa wasambazaji. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa kadiri matawi yalivyoendelea kuongezeka, mauzo ya tawi jipya yaliweza kulipa madeni ya tawi la zamani, na kila mtu aliyetazama kutoka nje aliona ukuaji. Mtindo huo hauwezi kupunguza mwendo: siku mauzo yakitulia, hata bila kushuka, pengo hujitokeza.

Na mauzo hayakutulia tu. Tawi la Westgate liliharibiwa katika shambulio la kigaidi la Septemba 2013. Kisha benki tatu nchini ziliporomoka, Dubai Bank na Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016, na Septemba 2016 sheria ikaweka ukomo wa riba kwa pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ukomo huo, uliodumu hadi Novemba 2019, ulikusudiwa kumlinda mkopaji mdogo, lakini benki nyingi ziliona ni heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mwenye kiwanda cha sharubati. Kwa hiyo msambazaji aliyecheleweshewa malipo alikosa pia pa kukopa ili asubiri. Wenye nguvu, yaani wasagaji wakubwa wa unga na viwanda vya maziwa, vinywaji na mafuta ya kupikia, waliweza kusimamisha mizigo au kudai pesa mkononi, kwa sababu duka haliwezi kuishi bila bidhaa zao. Wadogo hawakuwa na uwezo huo, na hii ndiyo sababu naamini kwamba katika kila anguko la aina hii mdogo ndiye hukopesha kwa muda mrefu kuliko wote na kulipwa mwisho.

Aliyeingia katika matawi mengi ya Nakumatt katikati ya mwaka 2017 alikuta rafu tupu. Hapo mambo huenda mbio: mteja aliyekosa sukari na unga hanunui hata sabuni iliyopo, mauzo yanashuka, kodi ya jengo inakwama, mwenye jengo anaita madalali. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi. Nafasi zake katika majengo kama Junction, Village Market na Thika Road Mall zilichukuliwa na Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ambayo ilikuwa imefungua duka lake la kwanza nchini mwaka 2016 huko Karen.

Kama tatizo lingekuwa familia, Uchumi ingepaswa kuwa salama. Haikuwa mali ya mtu wala ukoo. Ilianzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya umma, ikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992, na ilikuwa na bodi, wakaguzi na mameneja walioajiriwa kwa vyeti vyao. Ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena kwa msaada wa serikali mwezi uliofuata, ikarejea sokoni mwaka 2011, ikatanuka nchini Uganda na Tanzania, na Oktoba 2015 ikafunga matawi yote ya nchi hizo mbili na kuwaacha wasambazaji wa huko wakidai. Mwishoni mwa 2014 ilikuwa imewauzia wenye hisa wake hisa mpya na kupata mamia ya mamilioni ya shilingi. Hili linanilazimu kurekebisha kidogo hoja niliyoanza nayo: mtaji wa muda mrefu ni lazima, lakini ukiingizwa katika kampuni ambayo tayari imekula pesa ya wasambazaji, huishia kuziba madeni ya jana, na matawi hubaki na rafu zile zile zenye mapengo.

Tuskys inaweza kuonekana kama ushahidi wa wale wanaolaumu familia, kwa kuwa ugomvi wa ndugu ulifika mahakamani na magazetini kwa miaka mingi. Hata hivyo, kampuni hiyo iliendelea kukua wakati ndugu wakigombana. Mwaka 2017 ndiyo iliyojitokeza kuiokoa Nakumatt kwa mpango wa kuungana, mpango ambao haukufika mbali. Miaka mitatu baadaye ilikuwa katika hali ile ile: rafu zinapungua, wasambazaji wanadai, Mamlaka ya Ushindani inaiagiza ieleze itawalipa vipi, na uongozi unatangaza mkopo wa takriban shilingi bilioni 2 kutoka mfuko wa kigeni. Ugomvi ulichelewesha kuingia kwa mtaji mpya, na hapo ndipo ulipoumiza. Kilichoifunga milango, hata hivyo, ni wasambazaji kukataa kuleta mzigo.

Naivas nayo ni ya familia, na nayo ilikuwa na kesi. Mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini ilitaka kununua sehemu kubwa ya hisa zake, na mpango ukakwama huku ndugu mmoja akiwa mahakamani akidai fungu lake. Tofauti ilionekana baadaye. Mwaka 2020 familia iliuza asilimia 30 ya hisa kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Amethis ya Ufaransa, likiwamo Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2022 kundi la IBL la Mauritius na washirika wake wakachukua asilimia 40, na mwaka uliofuata wakavuka nusu. Leo kampuni hiyo ina matawi zaidi ya 100. Quickmart, iliyoanzia Nakuru na baadaye kuunganishwa na Tumaini chini ya mfuko wa Adenia, ilipita njia inayofanana.

Wachambuzi wengi husema wawekezaji hawa walileta nidhamu ya uongozi. Pengine walileta, ila jambo la kwanza walilolileta ni pesa isiyodaiwa baada ya siku 60. Tawi likifunguliwa kwa mtaji wa hisa, pesa ya mkate inaweza kubaki ya mkate. Aina ya matawi nayo ilibadilika. Badala ya kujaza ukumbi mkubwa katika jengo la kifahari, Naivas na Quickmart zilienda mitaani, karibu na stendi za matatu, katika maduka ya ukubwa wa wastani yenye jiko lake la mikate na vyakula vilivyopikwa, bidhaa ambazo faida yake ni kubwa kuliko ya sukari. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji shahada ya biashara. Unahitaji tu kukubali kwamba mkazi wa Nairobi hununua njiani akirudi nyumbani, mara nyingi kwa kiasi kidogo, na kwamba mshindani wake halisi ni duka la mtaani analoliamini.

Kampuni za kigeni ambazo hazikulisoma hilo ziliondoka hata zilipokuwa na mtaji. Choppies ya Botswana iliinunua Ukwala mwaka 2016 na kufungasha miaka michache baadaye. Shoprite ilifungua mwaka 2018 na kutangaza kuondoka mwaka 2020. Game ya Massmart, iliyoingia mwaka 2015, nayo ikafunga. Shoprite ilichukua baadhi ya majengo yaliyoishinda Nakumatt, ikishindana na Carrefour iliyokuwa imeshapata wateja wenye magari.

Carrefour ndiyo inayoonyesha kwamba mtaji mkubwa hauondoi tatizo la msambazaji, bali hulibadilisha sura. Haikusemwa kwamba imeishiwa pesa. Malalamiko dhidi yake yalihusu nguvu ya mnunuzi: punguzo la lazima linalokatwa katika mauzo ya msambazaji, ada za kuingiza bidhaa dukani, na wasambazaji kutakiwa kuleta wafanyakazi wao wenyewe kupanga rafu. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua dhidi yake katika shauri la mtengenezaji wa mtindi, na mwaka 2023 ikaitoza faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 katika shauri lililohusu kiwanda cha mafuta na mzalishaji wa asali. Kwa mtengenezaji wetu wa Thika, kucheleweshewa milioni moja na kukatwa sehemu ya kila milioni ni maumivu ya aina mbili, lakini yanatoka katika chanzo kimoja: hana pengine pa kuuzia kwa wingi huo, na mnunuzi analijua hilo.

Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yaliiongezea Mamlaka uwezo wa kuingilia matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, yakitaja wazi kuchelewesha malipo bila sababu, na kuitaka kampuni yenye mwenendo huo iwasilishe taarifa. Hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa. Kasoro yake ni kwamba kwa kiasi kikubwa inategemea mlalamikaji, na msambazaji mdogo hulalamika pale tu anapokuwa hana tena cha kupoteza, kwa kuwa mlalamikaji hujulikana na nafasi rafuni ni chache. Zaidi ya hayo, supamaketi karibu zote kubwa zilizobaki hazimo katika soko la hisa, hivyo hesabu zake hazichapishwi, na anayezikopesha kila mwezi hana namna ya kujua hali zake mpaka mlango ufungwe.

Dawa ninayoiona ni ndogo na haihitaji sheria ndefu. Tangu 2017 Uingereza huzitaka kampuni kubwa zichapishe, mara mbili kwa mwaka, wastani wa siku zinazochukua kulipa ankara na sehemu ya ankara zilizolipwa nje ya muda. Takwimu hizo husomwa na yeyote. Kenya ikiweka sharti kama hilo kwa kila supamaketi yenye, tuseme, matawi zaidi ya kumi, siku za malipo zikianza kurefuka kutoka 45 hadi 70 zitaonekana mwaka mzima kabla ya rafu kuanza kupungua, na benki, wenye majengo na wasambazaji watapata nafasi sawa ya kujihami. Wenye supamaketi watasema ni siri ya biashara. Lakini wadai wao ndio wenye pesa hizo, na sioni kwa nini mwenye pesa afichwe tarehe ya kurudishiwa.

Mpaka sharti hilo liwepo, mwenye kiwanda anayepewa oda ya kwanza na supamaketi yoyote, ya familia au ya mfuko wa Mauritius, hana budi kuwauliza wasambazaji wenzake watatu au wanne walilipwa lini mara ya mwisho, na kuweka kikomo cha kiasi anachokubali kudai duka moja, hata pale kikomo hicho kitakapomlazimu kukataa kupeleka mzigo katika matawi mapya ambayo meneja wa ununuzi anamwonyesha kwenye ramani.